Mfarishi wa kanga za bibi umelala sandukuni toka 2015, nifumue au niendelee hivi hivi?

Mama Zai (Chikongola, Mtwara)

Habarini wapendwa, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu na msinicheke sana maana mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Mwaka 2015 nikiwa na mimba ya Zai nilikuwa nashinda ndani tu, mimba ilinipelekesha, sasa bibi yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja nyuma na mama akanipa furushi zima la kanga zake na vitenge vya zamani, vingine vimechakaa ukiinua juu unamwona jirani upande wa pili. Nikasema hivi sifanyi madekio. Nikakumbuka bibi mwenyewe alikuwa na mfarishi wa viraka, ule ulikuwa unatandikwa akija mgeni tu sisi wajukuu hata kukalia hatukuruhusiwa, vitu ambavyo siku hizi watu wanaviona kwenye simu wanaita kwilti. Nikapiga hesabu, kitanda ni tano kwa sita, kila kiraka kikishashonwa kibaki inchi 6 kwa 6, kumi kwa upana na kumi na mbili kwa urefu, jumla 120. Nikakata kadibodi ya boksi la sabuni inchi sita na nusu kila upande ndo ikawa kipimo, nikaanza kukata, nilikata kwa kasi jamani mpaka mume wangu akaficha mashuka.

Zai akazaliwa na kazi ikaishia hapo. Mistari tisa ilikuwa imeshaungana, miwili imeshonwa ila inaning'inia yenyewe, na wa mwisho ulikuwa bado viraka viraka. Mwaka 2018 nikampelekea fundi mmoja, jina namhifadhia, anisaidie kumalizia. Akakaa nao mwaka na zaidi. Nikipita ni kesho dada, mara uzi umeisha, mara korosho zikitoka zitakuta nimemaliza, korosho zikatoka zikaisha. Siku nimeenda kuchukua kwa nguvu nakuta hajagusa kitu ila viraka saba vya ule mstari wa mwisho havipo, na kimoja nilikuja kukiona kwa macho yangu kimeshonewa mfuko wa suruali ya mtu pale stendi. Nimeshindwa hata kusema.

Wiki iliyopita nimeutoa sandukuni nikautandaza ukumbini. Mambo niliyoyakuta: kwanza pini nilizoacha zimeota kutu zote, kila ilipokuwa pini pana doa la kahawia. Pili ule mstari wa kumi nikiuweka karibu na wa tisa umezidi kwa inchi moja na nusu, sijui imekuwaje mkono ni huu huu mmoja, ingawa nakumbuka kadibodi ilipochakaa pembe nilianza kutumia kiraka chenyewe kukatia kingine. Tatu nimegeuka kidogo tu kuangalia mchuzi nikirudi mdogo wake Zai kakaa katikati ya mfarishi anafyonza bibo, lile tunda la mkorosho, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Sihitaji kuwaeleza watu wa kusini doa la bibo.

Cherehani ninayo ya miguu, ya mama, mkanda umelegea ila inashona. Kati sijui niweke nini maana joto la huku mnalijua, blanketi zito nitalalia peke yangu mume atahamia barazani. Ila swali langu kubwa ni moja, nifumue nianze upya nikate viraka vyote sawasawa, au niendelee na hivi hivi vilivyo? Kuna siku nataka nifumue, kuna siku naona kama nitakuwa nambomoa bibi. Zai yuko darasa la nne sasa, kuna kiraka kina maneno USISAFI tu, maana kanga ilikuwa ya Usisafirie nyota ya mwenzio, ananiambia mama hii shuka inatukataza kuwa wasafi.

fundi_wa_mikindani

Marahaba binti yangu, na pole na yaliyokukuta kwa fundi mwenzangu, watu kama hao ndo wanafanya tukipita tunaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Kufumua sahau. Sikwambii kwa huruma ya bibi, nakwambia kwa kazi. Kanga iliyofuliwa miaka ishirini uzi wake umeshachoka, ukifumua mshono unabaki na mstari wa matundu ya sindano, ukishona tena robo inchi pembeni yake hapo kwenye matundu ndo patakapochanika siku ya kwanza mtoto akivuta. Halafu ukingo wake unafumuka nyuzi, kiraka cha inchi sita na nusu kikitoka kwenye kufumuliwa ni sita na robo, utakata tena, utabaki na leso. Acha mistari tisa ilale ilivyo.

Sasa huo wa kumi. Umejijibu mwenyewe bila kujua. Kadibodi ikichakaa pembe inapungua, ila ukikatia kiraka kwa kufuata kiraka kingine kinakua, kwa sababu chaki inapita nje ya kitambaa na mkasi unapita nje ya chaki. Kila kimoja kinazidi nusu ya robo tu, huioni kwa macho, mara kumi ni inchi moja na robo, ongeza mkono ulioteleza hapa na pale ndo hiyo moja na nusu yako. Kwa bahati mstari huo haujaungwa, kwa hiyo kaza mishono yake. Una viraka kumi una mishono tisa katikati. Chukua mishono sita, kila mmoja shona tena ukiingia ndani nusu ya robo zaidi ya ulipopita zamani, na kwa kuwa kitambaa ni pande mbili mshono mmoja unakula robo nzima. Robo mara sita inchi moja na nusu, umemaliza. Usikaze yote upande mmoja, ruka ruka. Ule uzi wa zamani wala usiutoe, utabaki ndani hauonekani.

Ukija kuuunga na wa tisa kutakuwa bado na tofauti ndogo ndogo, kiraka hiki kimezidi kile kimepungua. Hapo kuna siri ambayo nilifundishwa na mzee wangu kwa kupigwa rula ya vidole. Piga pini kwanza kwenye kila makutano ya mishono, makutano kwa makutano, usijali katikati kunavyovimba. Halafu unaposhona, upande uliozidi weka CHINI, ule uliopungua weka juu. Meno ya cherehani yako chini, yanavuta kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, kwa hiyo ile ziada yanaila yenyewe taratibu. Ukigeuza, ziada ikawa juu, mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa kwa juu, unaisukuma mbele mpaka inakunjamana mwishoni na hapo ndo watu wanasema cherehani mbovu.

Pasi kandamiza, inua, kandamiza. Usiburute, kanga ikivutwa mshazari inarefuka na kazi yote ya kukaza inakuwa bure.

Mkanda wa ngozi haununui mwingine. Fungua pale kwenye kipini, kata kama nusu inchi, toboa upya, rudishia. Mpya utalegea vile vile.

KorokoroniKwetu

Dada si uende tu sokoni ununue bedikava lenye foronya zake mbili mambo yaishe, miaka yote hii kwa shuka moja!!

Mama Zai

@KorokoroniKwetu hilo la foronya zake mbili ninalo kaka, liko juu ya kabati. Asante lakini.

Fundi shikamoo tena, nimekaza mishono sita kama ulivyosema, mstari umekaa kama umepimwa na jeshi. Nimefanya usiku umeme ulivyokatika, taa ya simu mdomoni, cherehani ya miguu haijui kukatika kwa umeme. Nimeunga wa kumi na wa kumi na moja. Huo wa kumi na moja niliuweka juu kimakosa mara ya kwanza nikaona kweli umekusanyika mwishoni kama sketi ya marinda, nikafumua inchi kumi hivi nikageuza, ukala wenyewe. Sasa nabaki na viraka saba, madoa, na cha kuweka kati.

NewalaBaridi

Mama Zai hongera, mimi niko huku juu Newala ambako mfarishi una kazi kweli, mwezi wa sita na wa saba alfajiri ukitoka bila kujifunika unajuta, kwa hiyo hapa kwangu nimeshona mitatu na ya kati nimeshajaribu karibu kila kitu.

Usufi usiweke. Najua bibi zetu walijaza usufi kwenye mito na magodoro, ila kwenye kitu unachofua unahamia kona moja unakuwa na uvimbe, labda ushone mistari ya karibu karibu kama vidole viwili viwili na hiyo kazi kwa mkono hutaimaliza, utairudisha sandukuni. Pamba ya kuchambua mwenyewe hivyo hivyo. Sponji ndo kabisa, haipitishi hewa na sindano inakwama. Kwa Mtwara mjini chukua shuka kuukuu la flana la mtumba, au hata kanga mbili za zamani moja juu ya nyingine, inatosha. Uzuri wa kitu kilichofumwa tayari ni kwamba hakihami, kwa hiyo huhitaji kushona sana kukishikilia. Mimi huku naweka blanketi jepesi la mtumba lile la manyoya mafupi. Ila lolote utakaloweka lifue kwanza, tena kwa maji ya moto kama linavumilia, likisinyaa lisinyae kabla, si likiwa ndani.

Na kama hujui kushona mapambo ya juu kwa cherehani usijitese, funga mafundo. Uzi wa kufumia ule mnene wa pamba, sindano kubwa, unachoma kwenye makutano ya viraka vinne kwenda chini unarudi juu karibu na ulipoingia, unafunga kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, hapo fundo halifunguki, unaacha vimkia vya inchi moja. Viraka vyako vya inchi sita, kwa hiyo fundo kila makutano linaangukia inchi sita sita, kwa flana panatosha. Kumi kwa kumi na mbili ina makutano ya ndani 99 (tisa mara kumi na moja), jioni tatu au nne umemaliza huku unaangalia tamthilia.

Kabla ya mafundo piga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka zisihame. Hapa ndo nina kisa. Mara ya kwanza nilitandaza kwenye mkeka sebuleni kwa mama mkwe, kitambaa cha chini nimekigeuza uso chini, kati, halafu wa juu, nikalainisha kutoka katikati kwenda pembeni vizuri kabisa, nikapiga bandi kwa mistari mirefu kiganja kimoja kimoja, nimepiga magoti saa nzima, nimemaliza nainua kwa maringo, mkeka wote ukainuka na mimi. Nimeushonea mkeka wa mama mkwe. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti ananiona toka mwanzo hakusema neno. Kwa hiyo wewe tandaza kwenye sakafu ya saruji, ubandike pembe za kitambaa cha chini kwa selotepu kisitembee, na usikivute kama ngozi ya ngoma, kikae tu bila mikunjo, maana ukikivuta ukiachia kinarudi na wa juu unakunjamana.

Viraka saba usinunue kitambaa kipya. Huyo Zai si ana sketi ya shule ya darasa la kwanza imelala mahali?

Somo wa Lindi

Mama Zai mwanangu mimi nataka niongelee madoa, maana nimeona mtu kaninong'oneza pembeni kwamba nikwambie utie jiki. Usitie. Jiki kwenye kutu ni kama kuipa nyumba, doa linakomaa halitoki tena, na kanga unaitoboa. Kutu kamulia ndimu, nyunyiza chumvi kidogo juu yake, anika juani mpaka ikauke, suuza, rudia siku ya pili. Anza na doa lililo pembeni kabisa uone rangi ya kanga inavumilia, ikianza kupauka acha, bora doa kuliko shimo. Na pini ukae nazo mbali, sisi tunaoishi na upepo wa bahari pini ikilala kwenye nguo masika moja imeshatema kutu. Mimi siku hizi kazi nikiiacha naiacha na bandi ya uzi, pini zinarudi kwenye kopo lenye mafuta kidogo ya cherehani.

Bibo hilo halitoki. Nimezaa sita nimelea kumi na moja chini ya mikorosho, sijawahi kuona linatoka. Kata kiraka kingine ukibandike juu yake kwa mkono, pindo ndani, mishono midogo ya kujificha. Wala si lazima kiwe mraba. Kata umbo la korosho, mtoto kala bibo basi na mbegu yake ibaki hapo.

Halafu nataka nibishane kidogo na watu wanaosema eti uloweke vitambaa kwenye chumvi na siki ili visichuje, nimesikia hilo toka nikiwa msichana na nimelifanya miaka. Chumvi inafanya kazi kwenye sufuria ya rangi, wakati nguo inatiwa rangi inasaidia rangi iingie kwenye uzi. Nguo ikishatoka dukani imekwisha, chumvi yako haishiki kitu. Inayosaidia ni maji mengi. Loweka, mwaga, loweka, mwaga, mpaka maji yatoke meupe. Kanga za bibi hazina neno, zilishachuja zikamaliza zamani, unaotakiwa kuuogopa ni mgeni atakayeingia kwenye vile viraka saba na kwenye kitambaa cha chini. Chovya pembe ya kitambaa kipya majini, kibane na kitambaa cheupe, pitisha pasi. Cheupe kikitoka na rangi, rudi kwenye beseni.

Kingine. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu wanawake wa Kisiddi, wako India, jimbo la Karnataka, ni watu wenye asili ya huku Afrika walivuka bahari zamani, wengine kwa utumwa. Wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inaitwa kawandi. Hawaungi viraka kwanza kama wewe. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari, wanaanza kona moja wanazunguka ukingoni wanashona viraka moja kwa moja juu yake kwa mkono, mishono midogo ya kutambaa, wanazunguka wanaingia ndani mpaka wanakutana katikati. Hakuna kipimo, kiraka kirefu kinakaa, kifupi kinakaa. Na wakimaliza kila kona wanatia vijitambaa vilivyokunjwa pembe tatu tatu, wanaita phula, maana yake ua, wanasema kawandi bila hivyo iko uchi. Nilivyoona ule mshono nikamkumbuka marehemu mama akishona mto wa kulalia. Sikwambii ubadilishe kazi yako, nakwambia usilie na inchi moja na nusu.

fundi_wa_mikindani

Bi Somo shikamoo, hayo ya kona nimeyapenda.

Binti yangu kitambaa cha chini nunua kitenge pisi moja ya yadi sita, inatosha chini na ukingo wote, nimekupigia hesabu. Mfarishi wako ni inchi 60 kwa 72. Chini kinatakiwa kizidi inchi nne kila upande, kwa hiyo 68 kwa 80. Kitenge upana wake ni kama inchi 44, hakitoshi peke yake, kata vipande viwili vya urefu wa inchi 80 uviunge ubavu kwa ubavu, vinakula inchi 160. Yadi sita ni inchi 216, unabaki na 56. Ukingo unauzunguka mfarishi mzima, 60 na 72 mara mbili ni 264, weka na kumi za kuunga na kupinda kona. Kata mistari saba ya upana wa inchi mbili na nusu kutoka kwenye hiyo iliyobaki, inakula kumi na saba na nusu tu, iliyobaki ni ya foronya ukipenda. Shuka la kulalia pia lingefaa ila zile zilizofumwa kubana sana zitakuumiza vidole kwenye mafundo. Vaa kastabani, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano.

Ukingo ukunje katikati kwa urefu piga pasi uwe na inchi moja na robo, shonea upande wa juu wa mfarishi robo inchi kutoka ukingoni, ukifika kona simama robo inchi kabla, kata uzi, kunja utepe juu uelekee mbinguni, halafu ushushe chini ufuate upande wa pili, anza kushona tena kutoka juu kabisa. Kona inajitengeneza yenyewe. Halafu geuza nyuma umalizie kwa mkono.

Hapo kwenye ukingo unapita tabaka zote kwa pamoja, kwa hiyo weka sindano namba 16, mshono urefushe, na ile skrubu iliyo kichwani mwa cherehani, juu ya mguu unaokandamiza, ilegeze kidogo isikandamize sana, la sivyo kitambaa cha juu kitakimbia mbele ya wenzake.

Sketi ya shule sawa, lakini angalia kama ni polista, pasi ya moto itaiyeyusha ikung'ang'anie. Weka kitambaa juu yake ndo upitishe.

NewalaBaridi

Fundi umenikumbusha, mimi pisi yangu ya kwanza nilikata ukingo KABLA ya chini nikabaki na kitambaa pungufu. Chini kwanza jamani.

KorokoroniKwetu

Naomba radhi dada nimesoma mpaka mwisho. Hiyo ya mkeka nimemsomea mke wangu amecheka mpaka amepaliwa. Anauliza kama kanga za harusi unaweza kuzikata au ni mkosi.

Somo wa Lindi

@KorokoroniKwetu mkosi wa wapi, kanga zake, mkasi wake. Ila aanze na ile aliyopewa na wifi.

Mama Zai

Wapendwa nimerudi, wiki tatu na siku mbili. UMEISHA.

Niwape kidogo kidogo. Kutu kwa ndimu imetoka karibu yote, imebaki kivuli sehemu mbili hivi kwenye kitenge cha manjano, pale rangi ilianza kupauka nikaacha kama Bi Somo alivyosema. Viraka saba, vinne nimetoa kwenye sketi ya bluu ya Zai ya darasa la kwanza, viwili kwenye shati la baba yake lililotoboka kola, cha saba nilikuwa sina mpaka mama alipokuja kuniangalia akafungua mkoba wake akatoa kipande cha kanga ya bibi, alikuwa anafungia hela. Akazihamisha hela kwenye soksi akanipa. Nilikaa chini kwanza.

Kati nimeweka shuka la flana la mtumba, lilikuwa na tembo wadogo wadogo, Zai kasikitika kweli kwamba tembo wamefichwa. Bandi nimepigia sakafuni, na nimeinua mara tatu kuhakikisha sijashonea busati. Mafundo 99 nimefunga kwa uzi mwekundu, nilivyofika sabini hivi vidole vilikuwa vinawaka, kastabani nilikuwa nimeipuuza, fundi nisamehe. Kuna mafundo kama kumi Zai kafunga yeye, kushoto juu ya kushoto, yamefunguka yote nimerudia usiku kalala.

Korosho ya kuziba doa la bibo nimeikata kwenye kitenge cha kijani. Mume wangu kaangalia kimya halafu kauliza kwa nini nimeshona figo.

Ukingo kona tatu zimetoka safi, ya nne nilisahau kusimama robo inchi nikashona mpaka mwisho, imekaa kama mdomo wa bata, nimeificha upande wa ukutani. Na kona zote nimetia yale maua ya pembe tatu ya Wasiddi, nimeyakata kwenye mabaki ya kanga, kwa hiyo hauko uchi.

Mistari bado haijanyooka yote, ukisimama mlangoni unaona wa nne na wa tano umepanda kidogo kulia. USISAFI iko karibu na mto.

NewalaBaridi

Picha iko wapi sasa, usitutese!

Mama Zai

Picha nimejaribu toka magharibi haipandi, mtandao huku leo umegoma. Na siwezi kuupiga tena sasa hivi, Zai amejifunika gubigubi mpaka kichwani, joto hili, kawasha feni namba tatu imuelekee ili apate baridi ya kujifunikia.